Fedha ya Ugenini

Jumapili ya 25 ya Mwaka A
Injili: Mt 20:1-16. Isomwe pamoja na Kitabu cha Tobiti, sura ya 1, 2, 4, 5, 9 na 12.



Wapenzi wasikilizaji, Injili ya leo inatupeleka sokoni. Tunawaona watu wamesimama mikono mitupu, wakingoja mtu aje awaite kazini. Wengine wamepata kibarua alfajiri, wengine saa tatu, wengine saa sita na saa tisa. Wako na wengine ambao hata saa kumi na moja, jua likielekea kuzama, bado wamesimama pale pale. Mwenye shamba anawauliza sababu ya kukaa bure mchana kutwa, nao wanamjibu kwa unyonge kwamba hakuna aliyewaajiri. Sisi wahubiri mara nyingi hupapita hapo kwa haraka, tukaikimbilia ile dinari iliyotolewa jioni. Leo nawaombeni tusimame kidogo pamoja na watu hawa wa saa kumi na moja. Maana mtu aliye kwao akikosa kibarua hurudi nyumbani, akala kwa mama yake au kwa shangazi yake. Mgeni akikosa kibarua, jioni yake huwa ndefu kuliko mchana wake.

Neno hili nalihubiri nikiwa na kumbukumbu ya Jadida, huko Wete, kaskazini ya kisiwa cha Pemba. Ninyi wasikilizaji wa bara ambao hamjafika huko, jueni kwamba hicho ni kisiwa cha karafuu. Tangu ile tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo imebeba sehemu kubwa ya zao hilo. Msimu unapofika, majamvi hutandazwa juani mbele ya nyumba na kando ya barabara, na harufu ya karafuu humpokea mgeni kabla hajapokewa na mtu. Wachumaji hupanda mitini asubuhi, hushuka na magunia, huketi jioni kuchambua karafuu na makonyo yake, na kwa desturi hupimiwa ujira wao kwa pishi. Wakristo katika kisiwa hicho ni wachache sana. Wengi wao ni walimu, askari, mafundi na watumishi waliovuka maji kutoka bara. Nchi ni moja, lakini mtu aliyevuka maji hujiona mgeni hata kama bendera ni ile ile.

Na kisiwa hicho kinachopokea wageni hutoa wageni pia. Ukizungumza na watu wa Jadida, ni nadra kukuta jamaa isiyokuwa na mtu wake ng'ambo: huyu yuko Dar es Salaam, yule Mombasa au Shimoni, mwingine Maskati. Kwa hiyo watu wa huko wanajua pande zote mbili za jambo hili. Wanajua kupokea mgeni, na wanajua kungoja salamu za mgeni wao.

Siku moja nilialikwa katika nyumba ya majirani zetu Waislamu. Binti yao alikuwa amerudi kutoka Oman baada ya miaka sita ya kazi za nyumbani. Kila mwezi alikuwa akimpelekea kaka yake fedha, kwa neno moja tu: nijengee nyumba. Aliporudi, akaongozwa mpaka kwenye kiwanja chake. Alikuta msingi wa matofali, na katikati ya msingi umeota mpapai, nao umekwisha kuzaa. Akasimama pale, mkoba bado uko begani. Kaka yake akainamisha kichwa, akasema, "Dada, nyumba yako tumeila."

Ndugu wasikilizaji, kaka yule hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Fedha ya mwaka wa kwanza ilijenga msingi. Kisha mama yao akaugua, akapelekwa hospitali, akarudi, akapelekwa tena. Watoto wa shule walihitaji madaftari na sare. Ngalawa ya baba ilipasuka. Baba mwenyewe akafariki, na watu wakaja msibani siku nyingi. Kila shilingi ilikuwa na kazi yake, na kila kazi ilikuwa ya kweli. Dada akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia?" Akajibu, "Nilichelea ungevunjika moyo." Dada akasema, "Nisingevunjika moyo. Ningejua."

Wazee waliokuwapo waliniomba mimi mgeni niseme neno la suluhu. Nilinyamaza. Sababu ya kunyamaza kwangu nitawaambia baadaye. Lakini usiku ule nilifungua Kitabu cha Tobiti, na nikaona kwamba Maandiko Matakatifu yalikwisha kuijua nyumba hii kabla yangu.

Nani alikuwa Tobiti? Alikuwa mtu wa kabila la Naftali aliyechukuliwa uhamishoni mpaka Ninawi, mji mkuu wa Waashuru. Katika ugeni huo alipata kazi nzuri: alifanywa mnunuzi wa mahitaji ya mfalme. Kazi hiyo ikampeleka mara kwa mara katika nchi ya Media, na huko, katika mji wa Rage, akaweka amana ya talanta kumi za fedha mikononi mwa ndugu mmoja jina lake Gabaeli. Kisha mfalme akafa, mwingine akatawala, njia za Media zikawa za hatari, na Tobiti asiweze tena kuifikia fedha yake. Kwa sababu ya kuwazika maiti wa taifa lake akanyang'anywa mali yote. Baadaye akapofuka macho. Jamaa yake Ahikari akamlisha miaka miwili, naye akaondoka. Basi mkewe, Anna, akaenda kutafuta kibarua cha kufuma. Huo ndio ugenini, wapenzi wasikilizaji: leo una cheo kwa mfalme, kesho mkeo anafuma nguo za watu ili mpate chakula.

Katika habari ya jamaa hii nataka tuchukue mafundisho matatu: juu ya kupata kazi, juu ya kulipwa, na juu ya kuweka.

Fundisho la kwanza ni juu ya kupata kazi. Mgeni hutafuta kazi kwa mikono yake, lakini huipata kwa kujulikana. Tobiti alijulikana. Mtu asiyejulikana, hata akiwa hodari, hazina ya mikono yake huangukia kwa mwingine. Ushahidi wa jambo hili tunao karibu nasi. Wako watu wa asili ya Pemba waliovuka mkondo wa bahari wakahamia pwani ya Kenya, sehemu za Kwale na Kilifi. Wengine wazee wao walikwenda kabla ya uhuru, wengine baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Ni wavuvi hodari. Walizaa watoto huko na wajukuu huko, lakini kwa miaka mingi hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Bila kitambulisho mvuvi hapati leseni yake, hafungui hesabu benki, hawezi kuandikisha simu kwa jina lake ili atume na kupokea fedha, wala hamiliki ardhi. Basi alivua samaki usiku, na asubuhi akamwuzia mchuuzi kwa bei aliyotaka mchuuzi. Maana atamshitaki wapi? Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo, watu wapatao 7,000, na mwezi Julai mwaka huo Rais William Ruto alikwenda Kilifi katika sherehe ya kuwapa hati zao. Kabla yao walitambuliwa Wamakonde mwaka 2016, ambao wengi wao wazee wao walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Walitambuliwa pia Washona, ambao wazee wao walifika Kenya kuhubiri dini katika miaka ya 1960.

Tujifunze nini? Kwanza, tusidharau karatasi. Kijana anayesafiri hudhani kwamba nguvu ndiyo mtaji wake wa kwanza, na cheti, pasi na kibali ni usumbufu wa maofisa. La, ndugu. Hati yako ndiyo mdomo wako mahali ambapo hakuna akujuaye. Ukifika Zanzibar kutoka bara, nenda kwa sheha ukajitambulishe, naye akuandike. Ukivuka mpaka, usivuke kwa njia ya panya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inazifundisha pande zote mbili: nchi zenye uwezo zina wajibu wa kumpokea mgeni anayetafuta riziki, na mgeni naye ana wajibu wa kuzitii sheria za nchi iliyompokea na kuchukua mizigo yake. Pili, tuwaonee huruma wasio na hati. Si wote waliozitupa. Wengine hawakupewa tangu kuzaliwa.

Na ninyi akina dada mnaotazamia kwenda Ghuba, nisikilizeni kama mnavyomsikiliza baba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake Watanzania, wakiwamo wa Zanzibar, waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza habari za pasi kuchukuliwa na mwajiri, kazi isiyokuwa na saa ya kupumzika, mshahara uliopunguzwa au usiotolewa. Siwaambii msiende. Wako waliokwenda wakakuta waajiri wacha Mungu, wakarudi na heshima yao na fedha yao. Nawaambia, usiende kwa ahadi ya mdomo. Mkataba wako uone kwa macho yako kabla ya safari, usomewe kwa lugha unayoielewa, na upitie ofisi ya serikali inayohusika na kazi. Jua jina la mwajiri na mji wake. Nakala ya pasi na ya mkataba mwachie mama yako. Jua kwamba Tanzania ina ubalozi Maskati, na namba yake ya simu uiandike mahali ambapo hapapotei pamoja na simu. Jua pia thamani ya fedha utakayolipwa. Rial moja ya Oman ina baisa 1,000, na mtu asiyejua hesabu ya nchi huweza kupunjwa huku akishukuru.

Fundisho la pili ni juu ya kulipwa. Rudini nyumbani kwa Tobiti. Siku moja Anna amemaliza kufuma, matajiri wake wakampa ujira wake kamili, na juu yake wakamwongezea mwana-mbuzi. Tobiti kipofu akamsikia mbuzi analia. Badala ya kufurahi, akamwambia mkewe kwamba mnyama huyo ni wa wizi, amrudishe kwa wenyewe. Anna akaeleza kwamba amepewa zawadi. Mume hakuamini, na ugomvi ukaingia ndani, maneno makali yakasemwa. Mwanamke ametoka jua mpaka jua, na mkate wake unapokelewa kwa tuhuma!

Nimeiona tuhuma hii katika familia nyingi za wasafiri. Aliyebaki nyumbani hujiuliza: fedha hizi anazipataje? Mbona mwezi huu ni kidogo? Bila shaka anajificha, bila shaka ana mwingine. Naye aliye ugenini hujiuliza: wanazila vipi? Kila mmoja ni Tobiti kwa mwenzake, hamwoni, anasikia sauti ya mbuzi tu. Basi enyi mlio nyumbani, mnapopokea ujira wa mgeni wenu, tangulizeni shukrani kabla ya swali. Hamjui amelala saa ngapi. Wala msimfanye aliye ng'ambo kuwa kisima kisichokauka. Kila harusi yeye, kila ugonjwa yeye, kila bati lililotoboka yeye. Kisima nacho kina kina chake.

Kwa upande wa mwajiri, Tobiti alimwusia mwanawe kwamba mtu aliyemfanyia kazi asilaze ujira wake, bali amlipe siku ile ile. Ndivyo anavyofanya mwenye shamba katika Injili ya leo: jioni inapofika, anamwamuru msimamizi kuwaita wafanyakazi na kuwalipa. Hiyo ndiyo Torati, iliyoagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe kabla jua halijatua. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba kumnyima mtu ujira wake ni dhambi kubwa inayomlilia Mungu. Naye Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, aliandika kwamba mtu aliyehama kwa ajili ya kazi asidhulumiwe kwa sababu ya ugeni wake, bali apimwe kwa kipimo kile kile apimwacho mwenyeji.

Tusiyatupe maneno hayo Ghuba tu, kana kwamba dhuluma iko huko peke yake. Msichana wa kazi uliyemtoa kijijini, anayelea watoto wako ili wewe uje kanisani, umemlipa? Au unamwambia kwamba mshahara wake unamwekea? Mchumaji wa karafuu aliyetoka mbali, pishi unayompimia ni ile ile unayompimia jirani? Mpagazi bandarini, fundi wa paa, mchimbaji wa kisima: hao ndio wageni wetu. Methali inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tujihadhari, tusipone kwa jasho lake.

Fundisho la tatu ni juu ya kuweka, na hapa ndipo moyo wa mahubiri yangu ulipo. Tobiti alipodhani kwamba anakaribia kufa, aliikumbuka fedha yake iliyoko Rage. Miaka ishirini imepita! Akamwita kijana wake Tobia, akamweleza habari hiyo. Kijana akauliza jambo la busara: nitamtambulishaje Gabaeli kwamba mimi ni mwanao, hata anipe? Baba akajibu kwamba walipowekeana amana waliandikiana hati, kila mmoja akatia mkono wake, wakaigawa vipande viwili, kimoja kikabaki kwake na kimoja kikakaa pamoja na fedha. Sikilizeni vizuri. Huyu alikuwa mcha Mungu, na Gabaeli alikuwa mtu wa taifa lake, mwaminifu. Hawakuandikiana kwa sababu ya kushukiana. Waliandikiana kwa sababu walipendana, na kwa sababu walijua kwamba mtu hufa, njia hufungwa, macho hupofuka, na kumbukumbu husahau. Malaika Rafaeli alipofika Rage kwa niaba ya Tobia, Gabaeli akaitoa mifuko ikiwa bado na mihuri yake, akaihesabu mbele yake. Baada ya miaka ishirini, muhuri haukuguswa!

Sisi Waswahili tuna methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Twaisema, lakini ndugu akitaka kuandika twasema, "Kumbe huniamini?" Haya yetu imezika mali nyingi kuliko wezi.

Sasa niwaambieni kwa nini nilinyamaza Jadida. Miaka kadhaa kabla ya siku ile, fundi mmoja mwashi kutoka bara alikuja kwangu. Alikuwa amefanya kazi visiwani miezi mingi, akala kwa shida, akaweka akiba. Alitaka kwenda Mombasa kujaribu bahati, naye aliogopa kuvuka na fedha zote. Akaniambia, "Baba Padre, niwekee. Nikirudi nitazichukua, nikampe mama." Nikazipokea katika bahasha. Hatukuandika neno. Angewezaje kumwomba padre stakabadhi? Nami ningewezaje kumwandikia kama kwamba mimi ni duka? Mvua za masika zikaja, paa la kanisa likavuja, wafadhili wakachelewa. Nikafungua bahasha, nikakopa kidogo, nikijiambia kwamba nitarudisha kabla hajaja. Nikakopa tena. Kazi yenyewe ilikuwa njema, ndugu zangu, nyumba ya Mungu! Kisha asubuhi moja fundi akabisha hodi. Mama yake yu mahututi, meli inaondoka siku ile ile, ameijia amana yake. Nilimpa nusu. Nusu nyingine ilimfikia baada ya majuma matatu, na mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hakunilaumu. Alisema, "Si neno, Baba." Neno hilo "si neno" ninalo mpaka leo. Basi kaka yule aliposema, "Nyumba yako tumeila," ningemhukumu kwa ulimi upi? Mimi nami niliila safari ya mtu, nikaiita paa. Amana haiulizi kama umeitumia kwa wema au kwa ubaya. Amana ni ya mwenyewe, na wema unaofanywa kwa mali ya mwingine bila idhini yake si sadaka. Mwenye kutoa sadaka ni yule aliyefanya kazi.

Tangu siku ile sipokei amana ya mtu bila daftari mbili, yangu na yake, na shahidi. Nanyi nawaombeni mfanye hivyo. Wewe unayekwenda ugenini, kabla hujaondoka keti na ndugu zako, mkubaliane: fedha itakayotumwa ni ya kazi gani, nani anapokea, nani anaandika. Mshahara ukiingia, ugawe kabla haujagawanyika wenyewe. Toa kwanza deni la safari, maana wengi huondoka kwa mkopo, na mdaiwa hawezi kumkataa mwajiri mbaya. Toa chakula chako na makazi yako, usijinyime mpaka ukaugua katika nchi ambayo dawa ni ghali. Toa sehemu ya wazazi, kiasi kinachojulikana, wala usione haya kusema kwamba hicho ndicho kiasi. Kilichobaki, hata kama ni kidogo, kiwe akiba kwa jina lako mwenyewe, mahali ambapo mtu mwingine hawezi kukitoa kwa simu moja ya kilio. Ukitaka kuingia katika upatu na wenzako, ingia na watu unaojua wanapoishi. Na kila utumapo, tunza risiti.

Nawe unayebaki nyumbani, andika. Likitokea la dharura, usimfiche mgeni wetu kwa kumhurumia. Mpigie, umwambie: mama ni mgonjwa, naomba ruhusa ya kutumia fedha ya bati. Ukweli humwumiza mtu siku moja, lakini kufichwa humwumiza kwa miaka yote aliyofanya kazi.

Makatekista wapenzi, ninyi nawapa kazi. Katika jumuiya zenu ndogo ndogo waulizeni Wakristo: nani ana mtu ng'ambo? Mara ya mwisho alipatikana lini? Nani miongoni mwetu ni mgeni, na amepata kibarua? Mfundisheni mama asiyejua kuandika namna ya kuweka alama katika daftari. Someni Kitabu cha Tobiti pamoja, sura moja kila juma. Mtaona kwamba hata malaika alipopatana kazi ya kumsindikiza Tobia, mapatano yalikuwa wazi: dirhamu moja kwa siku, pamoja na matumizi ya njiani. Na safari ilipokwisha, baba alimwambia mwanawe amlipe mwenzake ujira wake na kumwongezea. Wakaona hata nusu ya mali yote si nyingi mno kwake. Ndipo Rafaeli alipojidhihirisha. Pengine nasi tungewajua malaika wengi zaidi kama tungewalipa vibarua wetu vizuri.

Nimalizie pale Jadida. Baada ya mimi kunyamaza, ami yao, mzee wa makamo marefu, aliagiza daftari mbili dukani. Akaketi na ndugu wale wawili usiku kucha, wakaandika kila walichokumbuka: hospitali kiasi hiki, msiba kiasi hiki, ngalawa kiasi hiki. Zilizokuwa za mama na baba, dada akasema, "Hizo zangu pia, nazikubali." Zilizokuwa za kaka, kaka akakubali kuzilipa kidogo kidogo, kwa karafuu za miti yake mitatu, msimu hata msimu. Hawakukumbatiana usiku ule, wala sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Asubuhi mpapai haukukatwa. Dada alisema utabaki mpaka kuta zitakapoufikia. Na alipoanza tena kutafuta safari, daftari moja ilikuwa mkobani mwake, nyingine ilikuwa mkononi mwa kaka yake.

Wapenzi wasikilizaji, mwenye shamba wa Injili alitoka mara tano siku ile kuwatafuta watu waliosimama bila kazi. Hakuchoka kutoka. Jioni alimlipa kila mtu cha kumtosha kurudi nacho nyumbani, na wa mwisho hakuaibishwa mbele ya wa kwanza. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ajiulize: kuna ujira wa mtu uliolala kwangu? Kuna bahasha ya mtu niliyoifungua? Kama ipo, kesho ni Jumatatu. Tuanze nayo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, Mwanao alikuwa mgeni katika nchi ya Misri na fundi katika mji wa Nazareti. Uwaangalie wote walio mbali na kwao kwa ajili ya mkate: wavuvi, wachumaji, mafundi, watumishi wa majumbani. Uwape kazi ya haki, na mwajiri mwenye hofu yako, na ndugu mwaminifu wa kuwatunzia jasho lao. Utusamehe sisi tuliokula nyumba za wenzetu. Na siku utakapotuita kutoa hesabu, utukute na mihuri haijaguswa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.